Tundu la Minko

Nauweka mtungi juu ya mzani
kama mama anavyomweka mtoto kliniki.
Kilo tisa na gramu mia mbili.
Hizo ndizo zangu mpaka Desemba.

Zamani muuzaji wa Plovdiv aliniuzia mitungi kumi na minne kwa mwaka,
kisha tisa, kisha minne.
Naye hupimiwa na mwagizaji,
na mwagizaji hupimiwa Brussels,
mgawo juu ya mgawo, kila mwaka kijiko kinapungua kina.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini sisi mafundi wa Haskovo tunakwenda kinyumenyume,
haba na haba tunakimwaga kibaba,
na methali ya safari hii hatukurithi.

Miaka ishirini na mbili naishika gesi hii
na sijawahi kuiona.
Haina rangi. Haina harufu.
Kilo moja ikitoroka
juu kule huwa blanketi
sawa na karibu tani nne za moshi wa kawaida.
Nimesoma hivyo kwenye kozi, nikafaulu mtihani,
nikatia cheti kwenye fremu.

Saa tano usiku Stamen anagonga.
Gari lake linanuka matikiti maji,
na chini ya matikiti, mitungi,
myeupe, haina nembo, imevuka mpaka bila kuulizwa jina.
"Nusu bei, Zdravka. Karatasi za nini?"
Si mtu mbaya Stamen.
Mama alipolazwa, yeye ndiye aliyeleta supu.
Nikamwambia, nitakupigia.

Asubuhi simu ni ya Minko wa mtindi:
chumba cha baridi kimefika nyuzi tisa,
maziwa lita mia nane,
"njoo ujaze, kama siku zote, jaza tu."

Kama siku zote.
Neno hilo lilikaa nami garini kama abiria.

Sikushusha mtungi.
Nilishusha ndoo, sabuni ya vyombo, sifongo,
nikapiga magoti nyuma ya mashine
nikaupaka mrija povu, kiungo kwa kiungo,
saa ya kwanza, saa ya pili,
Minko akihema mgongoni mwangu,
mpaka pale chini, kwenye kona ambayo tochi haipendi,
povu likavimba.
Likapasuka.
Likavimba tena, kama koo la chura.

Tundu la ncha ya sindano.

Nikafungua daftari la ankara, palepale sakafuni.
Miaka tisa nimeijaza mashine hii.
Kilo sitini na tatu.
Nikazidisha kwa kalamu, nikafuta, nikazidisha tena,
jibu halikubadilika.
Gesi ilipokuwa rahisi, tundu lilikuwa na faida:
lilimlipia mwanangu ada,
lilininunulia hata huu mzani.
Nani angeliziba?

Nikalichomea.
Nikapima kilo mbili na gramu mia nne, si zaidi,
nikasubiri sindano ya kipimo irudi nne.
Zimebaki sita na mia nane.

"Saa tatu," Minko akasema, akiitazama ankara,
"kwa tundu ambalo hata mimi silioni?"
Nikamwambia, hilo hasa ndilo unalolipia.
Hakucheka.
Nikamwambia pia kwamba mwaka kesho kijiko kitakuwa kifupi zaidi,
kwamba kuna mashine mpya
zinazopoza kwa hewa ileile ya ukaa tunayoilaumu,
akauliza bei, nikaitaja,
akarudi kukoroga mtindi.

Jioni nimenawa, mikono bado inanuka sabuni.
Mzani uko mezani, unasoma sifuri.
Stamen amepiga mara mbili.
Sikupokea.
Nambari yake sijaifuta.